Stardew Valley kwenye simu: nunua asubuhi kwanza, kuku baadaye

Stardew Valley ni gemu ya kulima iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ambaye alichora picha, akaandika programu na akatunga muziki wake wote kabla ya kuitoa kwenye kompyuta Februari 2016. Kwenye iPhone ilifika Oktoba 2018, kwenye Android Machi 2019, na toleo la 1.6 likawafikia watu wa simu Novemba 2024. Bei yake kwenye simu ni karibu dola 5 za Marekani. Unalipa mara moja, basi. Haina matangazo, haina vito vya kununua, haina subira ya kulazimishwa mpaka ulipie, na ukishaipakua inacheza bila bando. Kwa hilo peke yake inastahili sifa, maana gemu nyingi za kilimo kwenye simu zimejengwa juu ya kumsumbua mchezaji mpaka atoe hela.

Hukumu yangu ni kwamba hii ndiyo gemu bora ya kulima unayoweza kuweka kwenye simu leo, ilimradi ukubali mambo mawili: uvuvi na mapigano ya mgodini ni magumu zaidi kwa kidole kuliko kwa kidhibiti cha mkononi, na gemu yenyewe haikufundishi hesabu zake. Inakupa mbegu 15, sarafu 500 na shamba lililojaa magogo na mawe, halafu inakuacha. Wengi huichoka katika msimu wa kwanza kwa sababu hawakujua kitu gani ni adimu humo ndani. Si pesa. Ni muda wa asubuhi.

Siku ya gemu huanza saa 12 asubuhi na kuisha saa 8 usiku. Dakika 10 za gemu ni sekunde 7 hivi za saa yako, kwa hiyo siku nzima ni dakika 14 na ushee. Ukifungua begi au menyu, saa inasimama. Ukifika saa 8 usiku hujalala, unazimia hapo ulipo, unapoteza asilimia 10 ya pesa zako (isizidi sarafu 1,000) na unaamka umechoka. Hata ukiwahi kitandani baada ya saa 6 usiku, nguvu hazirudi zote. Mwaka una misimu minne ya siku 28 kila mmoja: machipuko, kiangazi, mapukutiko na baridi. Mkulima aliyezoea masika na vuli atahitaji kuzoea jambo moja hapa: msimu ukigeuka, zao lisilo la msimu mpya linakauka usiku huo huo. Hakuna kuombea mvua ichelewe. Koliflawa inayohitaji siku 12 ikipandwa tarehe 17 ni pesa iliyotupwa. Mwisho wake ni tarehe 16. Viazi vya siku 6, mwisho tarehe 22. Boga la siku 13, mwisho tarehe 15.

Sasa hesabu ya asubuhi. Mchezaji anaanza na nguvu 270. Kumwagilia shimo moja kwa kopo la mwanzo kunakula nguvu 2, na kopo linashika maji ya mashimo 40 tu kabla ya kurudi kisimani au bwawani. Bustani ya mashimo 48, ambayo si kubwa, inakula nguvu 96 kila siku, zaidi ya theluthi ya nguvu zako zote, na sehemu nzima ya asubuhi. Unamaliza kumwagilia, ukifika mgodini jioni imeingia na mkono hauna nguvu ya kupiga sururu. Hapo ndipo watu husema gemu inachosha. Inachosha kweli, kwa namna hiyo ya kuicheza.

Dawa yake ni kinyunyizio, na hasa kile cha daraja la pili. Kile cha kwanza, unachofunguliwa ukifika kiwango cha 2 cha kilimo, hutengenezwa kwa kinoo (kipande cha madini yaliyoyeyushwa) kimoja cha shaba na kimoja cha chuma, lakini kinamwagilia mashimo manne tu kwa umbo la msalaba. Mpangilio wake unaharibu bustani na faida ni ndogo. Kiruke. Weka shaba yako kwa kuboresha vifaa. Kinachostahili ni kinyunyizio cha kiwango cha 6: kinoo cha chuma kimoja, cha dhahabu kimoja, na kwatzi (jiwe angavu kama kioo) moja iliyosafishwa. Hicho kinamwagilia mashimo manane yanayokizunguka, na unakiweka katikati ya kila mraba wa tatu kwa tatu. Vinyunyizio sita vinatosha mashimo yale yale 48. Gharama yake kamili ni mawe 30 ya chuma, mawe 30 ya dhahabu, kwatzi 6 na makaa 18, kwa sababu kila kinoo hula mawe matano na kaa moja tanurini, na kwatzi nayo hula kaa moja.

Kumbuka kinyunyizio hufanya kazi alfajiri ya siku inayofuata. Siku ya kukiweka, na siku ya kupanda mbegu mpya kwenye udongo mkavu uliolimwa mchana, mwagilia kwa mkono. Anayesahau hupoteza siku moja ya ukuaji, na mwishoni mwa msimu siku moja ndiyo inayotenganisha mavuno na majani makavu.

Kufika kiwango cha 6 kunahitaji pointi 3,300 za kilimo, na pointi zinapatikana kwa kuvuna. Kiazi kimoja kinatoa 14, koliflawa 23, parsinipi (mboga ya mzizi kama karoti nyeupe) 8. Kwa hiyo machipuko ya mwaka wa kwanza yachukulie kama msimu wa kukusanya pointi kwa viazi. Mbegu ya kiazi ni sarafu 50, kiazi kinauzwa 80, na mara kwa mara shina moja linatoa zaidi ya kiazi kimoja, jambo ambalo kwa wastani linasogeza mapato ya shina hadi karibu 100. Ukigawa faida kwa siku, kiazi kinaipita koliflawa kidogo na kinaipita mboga iitwayo kale, ya jamii ya sukuma wiki, kwa uwazi zaidi, na kinarudisha pesa mkononi ndani ya siku 6 badala ya 12. Kwa mtu mwenye mtaji mdogo, mzunguko wa haraka ni bora kuliko bei kubwa.

Kuna tarehe moja ya machipuko ambayo lazima uipange mapema: tarehe 13, Sikukuu ya Mayai. Siku hiyo tu ndipo mbegu za stroberi zinauzwa, sarafu 100 moja. Stroberi huiva kwa siku 8 halafu inazaa tena kila baada ya siku 4, na tunda moja ni sarafu 120. Ukitoka sikukuuni saa ya gemu inaruka hadi saa 4 usiku, kwa hiyo acha udongo umelimwa tayari, panda na umwagilie usiku ule ule. Utavuna tarehe 21 na 25. Ukichelewa mpaka kesho yake bado utapata mavuno mawili, lakini huna siku nyingi za kupoteza. Mwenye subira hununua mbegu za ziada, akaziweka sandukuni, akazipanda tarehe 1 ya machipuko ya mwaka wa pili: hapo kila shina linatoa mavuno matano. Ili uwe na pesa siku hiyo, viazi vipandwe tarehe 6 vivunwe tarehe 12, na viingie kwenye sanduku la kusafirishia kabla hujalala, kwa sababu sanduku hulipa asubuhi inayofuata. Na usisahau duka la mbegu la kijijini, la Pierre, hufungwa Jumatano. Tarehe 1 ya kila msimu ni Jumatatu, kwa hiyo Jumatano ni 3, 10, 17 na 24. Joja, duka jingine kubwa, hufungua kila siku, ila mbegu zake ni ghali zaidi.

Kiangazi ni cha bluberi. Mbegu ni 80, inaiva kwa siku 13, halafu kila siku 4 inatoa matunda matatu ya sarafu 50. Ikipandwa tarehe 1 inavunwa tarehe 14, 18, 22 na 26, jumla matunda 12, sarafu 600. Tikiti, hata ukilipanda mara mbili mfululizo, linakuachia faida ya 340 kwa shimo. Bluberi inakuachia 520, tena bila kupanda upya. Bado panda matikiti machache kwa sababu utayahitaji, nitaeleza. Katika mapukutiko, kranberi ina mbegu ghali ya 240 ila inavunwa mara tano, matunda mawili mawili ya sarafu 75. Boga linapandwa mara mbili na kuuzwa 320 kila moja. Tofauti ya faida hapo ni ndogo, na mwenye mapipa ya kusindikia atachagua boga.

Mimea inayotambaa kwenye fito, kama maharage mabichi na hopsi, haipitiki. Mtu hupanda mraba mzima wa maharage halafu akagundua hawezi kufika katikati kumwagilia wala kuvuna. Panda mistari miwili miwili na uache njia. Sanamu ya kuwinga ndege iwekwe mapema. Inahitaji mbao 50, kaa 1 na nyuzi 20, na inalinda eneo la hatua nane kuizunguka. Kunguru wakila mche hawarudishi.

Dhahabu ya vinyunyizio iko mgodini, unaofunguka tarehe 5 ya machipuko. Una ghorofa 120 kwenda chini, na lifti inasimama kila ghorofa ya tano. Shaba iko juu, chuma kinaanza ghorofa ya 40, dhahabu ya 80. Lengo la haki kwa mchezaji wa kawaida ni kufika 80 mapema kiangazi. Usiingie bila chakula, na usihangaike kuvunja kila jiwe: tafuta ngazi, shuka, fikia ghorofa ya tano inayofuata, lala. Siku za mvua ndizo za mgodi kwa sababu bustani haihitaji wewe. Televisheni ya nyumbani ina kituo cha utabiri wa hewa na kingine cha bahati. Bahati ikiwa nzuri, ngazi hujitokeza kwa urahisi zaidi. Weka sanduku la mbao 50 mlangoni pa mgodi, maana begi la mwanzo lina nafasi 12 tu. Begi la nafasi 24 linauzwa sarafu 2,000 na ni ununuzi wa kwanza mkubwa ambao haujutiwi. Kwa aliyekwama karibu na lengo, Clint mhunzi anauza mawe ya dhahabu, lakini katika mwaka wa kwanza jiwe moja ni 400, yaani kinoo kimoja ni 2,000. Nunua la kumalizia tu.

Clint pia ndiye anayeboresha vifaa: kwa shaba ni sarafu 2,000 na vinoo 5, kwa chuma 5,000, kwa dhahabu 10,000, na anakaa na kifaa siku mbili. Kosa linalorudiwa sana ni kumpelekea kopo la kumwagilia wakati jua limewaka. Angalia utabiri; ukisema kesho mvua, mwagilia leo asubuhi, mpelekee kopo leo, mvua imwagilie kesho, na keshokutwa ulichukue dukani akifungua saa 3 asubuhi. Sururu ipewe kipaumbele mbele ya jembe na shoka kwa sababu inafungua mgodi. Na ukishakuwa na vinyunyizio, kopo lenyewe halihitaji kuboreshwa tena. Hapo umeokoa zaidi ya sarafu 15,000.

Kuku ndiyo mtego mzuri kuliko yote. Banda linagharimu sarafu 4,000, mbao 300 na mawe 100. Kuku mmoja ni 800. Yai ni sarafu 50. Mtu anayejenga banda katikati ya machipuko anafunga mtaji ambao ungezunguka kwenye viazi mara mbili, na bado atatumia sehemu ya kila asubuhi kuwapapasa na kuokota mayai. Subiri mpaka vinyunyizio sita vya kwanza viwe ardhini. Kabla ya banda jenga ghala la majani: sarafu 100, mawe 100, udongo wa mfinyanzi 10 na vinoo vitano vya shaba. Linashika majani 240. Ukifyeka nyasi za shamba kabla ya kuwa na ghala, nyasi zinapotea bure, na majira ya baridi hakuna nyasi inayoota nje. Ukijenga ghala kwanza, nyasi zile zile zinakuwa chakula cha msimu mzima. Mayai nayo yasiuzwe mabichi. Mashine ya mayonesi ni rahisi kutengeneza na inaligeuza yai la 50 kuwa bidhaa ya 190.

Lakini usiyaache mabanda kabisa mwaka wa kwanza, kwa sababu ya Kituo cha Jamii. Jengo hili bovu lina vyumba sita, na kila chumba kinadai mafungu ya vitu. Chumba cha stoo ndicho cha kulenga kwanza: kinadai mazao ya misimu mitatu, mazao matano matano ya nyota ya dhahabu ya aina tatu kati ya parsinipi, tikiti, boga na mahindi, bidhaa za mifugo, na bidhaa zilizosindikwa. Ukikamilisha, unapewa kitalunyumba, na humo zao lolote linaota msimu wowote. Ndiyo maana ya kupanda matikiti machache kiangazi yakiwa na mbolea. Sheria ya kukumbuka ni fupi: zao la kwanza, samaki wa kwanza na ua la kwanza la kila aina haviuzwi, vinaingia sandukuni. Kambare anatoka mtoni siku za mvua za machipuko na mapukutiko. Ukimuuza wa pekee, unaweza kusubiri msimu mzima. Kabichi jekundu ndilo linalowakwamisha wengi, kwa sababu Pierre haiuzi mbegu yake hadi mwaka wa pili. Tumaini la mapema ni mkokoteni wa mfanyabiashara msituni, Ijumaa na Jumapili. Unapoanzisha shamba jipya kuna chaguo la kuhakikisha kituo kinaweza kukamilika mwaka wa kwanza. Anayejali hilo aliwashe. Chumba cha fedha kinataka sarafu 42,500 kwa jumla na kinatengeneza basi la kwenda jangwani. Njia ya pili ni kununua uanachama wa Joja kwa 5,000 na kulipia kila kitu kwa pesa taslimu. Ni rahisi, ila inaondoa sababu nzuri zaidi ya kuzunguka bonde zima, na siipendekezi kwa anayecheza mara ya kwanza.

Utajiri wa kweli wa gemu uko kwenye kusindika. Mtungi wa jemu (kiwango cha 4: mbao 50, mawe 40, makaa 8) unazidisha bei ya tunda mara mbili na kuongeza 50. Pipa (kiwango cha 8: mbao 30, kinoo cha shaba, cha chuma, na utomvu wa mwaloni) linazidisha tunda mara tatu, likawa divai. Tunda la sarafu 50 linatoa 150 kwa njia zote mbili, lakini jemu ni tayari kwa siku mbili au tatu na divai kwa wiki. Kwa hiyo bluberi ni ya mtungi, na tunda ghali ni la pipa: tunda la nyota kutoka jangwani linauzwa 750, jemu yake 1,550, divai yake 2,250. Kinachochelewesha mapipa ni utomvu, basi tega vyombo vya kukinga kwenye mialoni mapema, kabla hujauhitaji. Msomaji asiyetaka kutengeneza pombe hata ya kuchora hakosi kitu kikubwa: mboga kwenye pipa zinakuwa juisi, na boga la 320 linatoa juisi ya 720, huku mtungini likitoa achari ya 690. Ukifika kiwango cha 10 cha kilimo, utaalamu wa usindikaji unaongeza asilimia 40 kwa bidhaa hizi zote. Kilele chake ni mbegu ya kale (yaani ya zamani sana, si ile mboga), inayopatikana kwa kupeleka masalia yake makumbusho: siku 28 za kwanza, kisha tunda la 550 kila wiki. Kitalunyumba kina mashimo 120, na kwa vinyunyizio vya iridiamu, vinavyomwagilia mashimo 24 kila kimoja, unabaki na mimea 116 isiyohitaji mkono wako ila siku ya kuvuna.

Mahusiano na wanakijiji yameandikwa kwa moyo, na yana wahusika 12 wa kuoa au kuolewa nao. Zawadi mbili kwa wiki kwa kila mtu, na ya siku ya kuzaliwa ina uzito mara nane. Tazama kalenda nje ya duka la Pierre. Hakuna haraka hapo. Hata tathmini ya shamba anayoifanya babu aliyekurithisha, mwanzoni mwa mwaka wa tatu, inaweza kurudiwa kwa kumpelekea almasi, kwa hiyo hakuna namna ya kushindwa gemu hii.

Turudi kwenye simu yenyewe. Kazi ya shambani kwa kidole ni nzuri kuliko inavyotarajiwa: gusa mti, mhusika anatembea mwenyewe na kuchagua shoka; gusa jiwe, anatoa sururu. Kumwagilia mstari mzima kwa kugusa ni raha. Kuhifadhi ni faida kubwa zaidi ya toleo hili: kwenye kompyuta gemu huhifadhi unapolala tu, ila kwenye simu ukitoka katikati ya siku unaendelea pale pale. Anayecheza kwenye daladala au matatu atalithamini hilo.

Mgodini ndipo kidole kinaposhindwa. Mfumo wa kugusa na kushambulia wenyewe unachelewa wakati popo watatu wanakujia, na vidole vinaziba kile unachotakiwa kukiona. Ingia kwenye mipangilio, badilisha kuwa vitufe vya kwenye skrini kabla ya kushuka ghorofa ya 40, kisha rudisha kugusa ukirudi shambani. Mwenye kidhibiti cha Bluetooth akitumie. Uvuvi nao unataka mkono mwepesi: ukibonyeza mstari wa kijani unapanda, ukiachia unashuka, na samaki lazima abaki ndani yake. Kosa ni kushikilia kwa nguvu. Bonyeza vifupi vifupi. Kiwango cha uvuvi kikipanda mstari unarefuka, kwa hiyo mwanzo ndio mgumu. Willy, mvuvi wa kijiji, anauza fimbo ya kujifunzia kwa sarafu 25, yenye mstari mrefu, ingawa inakamata samaki wa kawaida tu. Mitego ya kaa inakupa pointi bila mchezo wa mstari, na kwa asiyeweza kabisa ndiyo njia.

Maandishi ni madogo kwenye skrini ndogo, na gemu ina lugha 12 ambazo Kiswahili hakimo. Mtoto asiyesoma Kiingereza atahitaji mtu pembeni kwa wiki za mwanzo. Shamba la simu halihamii kwenye kompyuta lenyewe, na ukiifuta programu shamba linaweza kwenda nalo, basi usiifute kutafuta nafasi ya picha.

Kuhusu ramani ya shamba, kuna nane. Ya kawaida ina ardhi kubwa zaidi ya kulima na ndiyo ya kuanzia. Ile ya malisho iliyokuja na 1.6 inakupa banda na kuku wawili tangu siku ya kwanza, na kwa anayetaka mifugo hiyo inafuta gharama niliyoilalamikia hapo juu. Ya ufukweni ni nzuri kwa macho, na bahari huleta makasha ya vitu, lakini vinyunyizio havifanyi kazi kwenye mchanga wake isipokuwa kipande kidogo cha udongo. Iache mpaka uwe na shamba la pili.